Gari Lililokunywa Maji ya Chumvi

Siku moja mama yangu alipanda basi kwenda kutibiwa macho, na basi likamfikisha Kitui mjini saa sita mchana. Madaktari wa macho walikuwa wakija katika hospitali ya misheni ya huko mara mbili kwa mwaka, siku mbili kila mara, na kuandikisha wagonjwa kulifungwa saa nne asubuhi. Basi la kwetu, upande wa Mwingi, lilikuwa moja tu, nalo halikuwa na habari na macho ya mtu. Muuguzi alimwambia arudi baada ya miezi sita. Mama akamshukuru, akakaa kivulini kando ya ukuta, akala viazi alivyobeba, akarudi na basi lile lile.

Alinisimulia hayo nilipokwenda nyumbani. Nilikuwa mtu wa kwanza kijijini kuvaa joho la chuo kikuu, na mama yangu alikuwa ameanza kunitambua kwa kikohozi. Ukungu ulikuwa umefunika macho yote mawili. Daktari mmoja kijana wa zahanati ya kwetu alikuwa amesema kwamba wasipomfanyia upasuaji mapema, jicho la kulia halitakuwa na haja ya upasuaji tena.

"Usijali, mwaitu," nilimwambia, maana ndivyo tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba. "Safari ijayo nitakupeleka mimi mwenyewe."

"Kwa mgongo?"

"Kwa gari."

Hivyo ndivyo nilivyonunua gari. Watu wengine hununua kwa sababu wana pesa. Mimi nilinunua kwa sababu nilikuwa nimeshasema.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilikuwa nikifundisha kemia katika shule moja ya bweni kwenye tambarare za chini ya Emali. Muuzaji alikuwa mwenye duka pale Emali, mzee wa kanisa kutoka mkoa wa kati, aliyehamia barabara ya Mombasa akafanikiwa. Gari lilikuwa steshenwagoni ya rangi ambayo zamani ilikuwa samawati. Mita yake ilikuwa na tarakimu tano na ilisoma maili mia tatu na kitu. Nilimuuliza kama imeshazunguka. Alisema kwa upole kwamba ndiyo, lakini yeye hakuwepo ilipozunguka mara ya kwanza. Aliniambia gari lile lilikuwa limebeba kwaya miaka yote, halijawahi kulala nje ya baa hata siku moja. Kisha akaweka mkono juu ya boneti, akafumba macho, akaliombea gari na mimi na safari zetu zote. Nikasema amina. Nimegundua baadaye kwamba mtu akishasema amina, hawezi kurudisha bidhaa.

Lilinifikisha kwa fundi, ambaye karakana yake ilikuwa mita mia mbili kutoka dukani. Hapo likazima.

Fundi huyo alikuwa mchongaji wa vinyago kabla ya kuwa fundi wa magari. Aliniambia watalii walipopungua, alihama kutoka kwa twiga akaingia kwenye injini, na tofauti aliiona ni ndogo. Nilimweleza hali yangu wazi: mshahara wa mwalimu, ada za wadogo zangu, miezi sita. Alizunguka gari polepole, akilipiga teke hapa na pale kama mtu anayepima ng'ombe sokoni, akasema tutalifanya, ila spea za dukani tuzisahau.

Akachonga. Bushi za mpira zilizokuwa zimeisha kwenye springi alizibadilisha kwa za mti, mti mgumu ule ule wa vinyago, akazichemsha kwenye mafuta machafu ili zisipasuke. Kichwa cha gia kilikuwa kimepotea. Alikitengeneza kwa mpingo, na kwa kuwa mkono wake haukuweza kuacha mti ukiwa mtupu, alikipa masikio ya kifaru. Tangi la petroli lililovuja alilisiliba kwa sabuni ya kipande. Bomba la moshi alilifunga kwa bati la debe la mafuta ya kupikia, hata ukiinama uliona bado picha ya mama anayecheka na sufuria. Mlango wa kushoto haukukubali kufunga, tukaufunga kwa ukambaa, ule mshipi ambao wanawake wetu hupitisha kwenye paji la uso wakibeba kuni na maji. Kila Jumamosi nilikuwa pale, nimeshika spana nisiyoijua jina, nikitoa maoni. Fundi alinivumilia. Alisema wateja wengi huondoka, lakini mwalimu hukaa mpaka kengele ilie.

Nilichoka kwa namna ambayo sikuijua kabla. Nilisahihisha madaftari yenye alama za vidole vyangu vya grisi. Kila kilichotengenezwa kiliamsha kingine kilichokuwa kimelala: breki zikipona, klachi inaugua.

Jambo moja tu halikutusumbua, nalo ni rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini. Ilikuwa nzima, haivuji. Ilikuwa na kiu tu, kama gari lolote kuukuu.

Hapa lazima nieleze maji ya kwetu. Mvua ya Novemba iliyotangulia haikuwa imekuja. Maji matamu yalikuwa kwenye mchanga wa mto mkavu, maili mbili kutoka shuleni, ambako wanawake walichimba, wakasubiri yajikusanye, wakayachota kata kwa kata. Hapo shuleni tulikuwa na kisima cha kuchimbwa kwa mashine, chenye maji mengi, lakini ya chumvi. Wanafunzi waliyaoga na kuyalalamikia. Mke wangu alinunua maji ya mtoni kwa mwenye punda, debe kwa debe, kwa ajili ya chai na mtoto.

Ningewezaje kuchukua maji hayo nikayamimina kwenye gari mbele ya wanawake waliokesha wakiyasubiri? Niliona aibu. Nilijisifu kidogo kwa aibu hiyo. Niliiona kuwa utu. Basi kila siku, kwa miezi mitano, nililinywesha gari maji ya kisima cha shule.

Na kila mwaka, muhula wa pili, niliwafundisha kidato cha pili habari ya maji magumu. Niliingia darasani na birika kutoka jikoni la shule, nikawaonyesha magamba meupe yaliyoganda ndani yake, nikawaeleza kwa nini maji ya kisima chetu yakichemka huacha chokaa, na jinsi chokaa hiyo inavyoweza kuziba mabomba ya mtambo mzima. Mwaka huo pia niliwafundisha. Niliwafundisha vizuri. Kisha nikatoka darasani nikaenda kujaza rejeta.

Likizo ya Agosti tulikwenda, mimi na gari, kutoka Emali hadi nyumbani kwa mama. Safari ya siku moja ilichukua mbili. Lilichemka mara tisa, na kila mara nilitoa dumu langu la maji ya shule. Mama alinisubiri barabarani. Alilipapasa gari kuanzia taa hadi taa, akaufikia ukambaa wa mlangoni, akautambua, akacheka.

"Hata hili linabeba kwa kichwa," akasema.

Kesho yake tuliondoka alfajiri, ili tufike hospitalini kabla ya saa nne. Kabla hatujaondoka aliniuliza kama gari limekunywa, akaniambia nichukue dumu lake la maji ya mtoni. Nilikataa. Nilimwambia yale ni yake, gari lina yake. Alisema mgeni hachagui maji. Nilimwambia nimeshalinywesha.

Tulifika kwenye mto mwingine mkavu, pale barabara inaposhuka na kuvuka mchanga, saa moja na nusu. Lilipanda nusu ya ukingo wa pili, likatoa mvuke kama jiko la shule, likazima. Nilifungua boneti. Dumu langu lilikuwa limeisha. Mama alikaa ndani ya gari, mikono mapajani, amevaa gauni lake la kanisani. Aliniuliza saa mara moja tu. Nilimwambia. Hakuuliza tena, na nilitamani aulize.

Chini yetu mchangani palikuwa na wanawake wanne na punda wao, wamezunguka shimo lililozungushiwa miiba. Shimo kama hilo huwa na mwenyewe, aliyelichimba. Na kuna sheria ambayo kila mtu Ukambani huikuta anapozaliwa: mpita njia akifika kwenye kisima chako atakunywa ashibe, bila kuomba. Lakini habebi. Kubeba ni mpaka mwenyewe aseme.

Nilisimama na dumu tupu. Mama alishuka, akashika bega langu, tukateremka. Aliwasalimu, akauliza nani mwenye kisima. Mwanamke mmoja, wa rika langu hivi, mwenye leso kiunoni, akaitika.

"Mwanangu," mama akamwambia, "tuko wapita njia watatu. Mimi, huyu, na yule aliyesimama pale juu. Yule ana kiu sana."

Mwanamke akalitazama gari. "Yule anakunywa kwa mdomo gani, susu?" Alimwita susu, yaani nyanya.

"Anao mmoja, mbele. Lakini hana miguu ya kushuka."

"Kwa hiyo nimbebee."

"Umnyweshe. Habebi kitu. Akinywa, yanaishia tumboni mwake."

Wenzake walicheka. Mmoja akasema susu huyu angekuwa chifu tungepona. Mwenye kisima hakucheka, lakini alijaza dumu langu, kata kwa kata, muda mrefu, na punda wake akasubiri. Kisha akapanda nasi, apate kumwona mgeni wake akinywa.

Rejeta haikunywa. Nilimimina, yakajaa mdomoni yakasimama, yakamwagika mavumbini. Nikangoja, nikamimina tena, yakamwagika tena. Maji matamu yalitiririka kwenye vumbi la barabara, na yule mwanamke akiyatazama. Aliinama, akaingiza kidole kwenye mdomo wa rejeta, akakikwaruza, akakitoa na kitu cheupe kwenye ukucha. Akakionja.

"Mlimpa ya chumvi," akasema.

Mama akageuka upande niliokuwa nimesimama. "Punda hunywa hayo akikosa mengine," alisema. "Hili lilikosa nini?"

Niliona birika la shule, na mikono yangu ikiliinua juu ili hata wa nyuma waone.

Lililotuokoa ni lori la mbuzi lililotoka Mwingi. Dereva alimchukua mama mbele. Mimi nilisimama nyuma na mbuzi, katika koti langu la mwalimu. Tulifika saa nne kasorobo. Muuguzi alimwandikisha mama, akanitazama mimi, akaniomba kwa heshima nisubiri nje.

Kesho yake asubuhi walimpasua jicho la kulia. Alibaki wodini wiki moja na zaidi, na mimi nikarudi mtoni, nikafungua rejeta, nikaifunga kwenye gunia, nikasafiri nayo kwa mabasi hadi Emali ikiwa mapajani. Fundi aliitoa kifuniko cha juu. Mirija yote ilikuwa imeziba kama mifupa. Aliichokonoa mmoja mmoja kwa spoku ya baiskeli aliyoipondaponda ikawa bapa, siku mbili, na unga mweupe ukajaa kwenye kopo. Alilitikisa lile kopo, akaniuliza.

"Mwalimu, kule shuleni unafundisha somo gani?"

Nilimwambia historia.

Siku ya kumchukua mama, basi lilitushusha pale mtoni, mimi na yeye na gunia. Jicho moja lilikuwa na kitambaa cheupe juu yake kama kofia iliyoinuliwa. Alikuwa ameambiwa alilinde na vumbi, lakini hakuacha kukifunua. Gari lilikuwa pale pale. Mtu alikuwa amefunga punda kwenye bampa, na juu ya boneti kulikuwa kumeanikwa kunde.

Mama alisimama akalitazama. "Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Nilidhani ni kubwa." Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama gari. "Na wewe una mvi," akasema. "Hakuna aliyeniambia."

Nilirudisha rejeta mahali pake, nikaifunga kwa bolti tatu kati ya nne, maana moja ilikuwa imepotea. Ilibaki maji. Nilimwomba mama ashuke akaongee na mwenye kisima, maana wanafahamiana.

"Omba mwenyewe," alisema. "Mimi nina kazi. Nataka kutazama."

Alikaa juu ya jiwe, akainua kitambaa, akaanza kutazama: punda, mchanga, miiba, wanawake wakichota. Nilichukua dumu nikateremka. Mwenye kisima aliniona nikija, akaacha kata yake, akangoja. Nilikuwa nimefundisha miaka kumi na miwili, nimesimama mbele ya mamia ya watu nikiongea bila karatasi, na nilikosa pa kuanzia.

"Naomba maji," nikasema mwishowe. "Ni ya gari."

"Ya kunywa au ya kubeba?"

"Ya kunywa."

Alinipisha. Sikutegemea hilo. Alinipa kata, akanionyesha shimo, akakaa pembeni kupumzisha mgongo. Nikapiga magoti mchangani nikaanza kuchota. Maji huja polepole sana pale. Unachota kata moja, unasubiri. Dumu lilichukua karibu saa nzima. Magoti yaliniuma, mgongo ukaniuma, na kila nilipoinua kichwa nilimwona mama juu pale kwenye jiwe, kitambaa kikiwa mkononi, akinitazama.