Mweri na Wimbo wa Marehemu Lewa

Neno "sijui" Mweri hakufundishwa. Hutengeneza simu na kukodisha spika za matanga hapa Timbwani, kibanda chake ubavuni mwa karai langu la viazi, na kwa miaka tisa nimemsikia akiwajibu watu kuhusu figo, ndege na kesi za mashamba. Kwa nyimbo ndiyo usiseme. Mpigie mluzi tu, atakutajia mwimbaji, mwaka na mpiga gita, na yote kayatunga papo hapo. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili letu huvaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha.

Mwezi wa tatu alikuja Mama Kafedha wa mtaa wa Shika Adabu. Alikuwa amemzika mumewe, Lewa, mhudumu wa baa katika hoteli moja ya Shelly Beach, na Jumamosi familia ingemaliza matanga. Siku hiyo kwao hupigwa wimbo alioupenda marehemu, mjane akainuka kuucheza mbele ya watu, na hapo ndipo kilio hufungwa. Lewa alikuwa na mmoja tu, wa wale Wamarekani weusi wa zamani, aliouimba puani kila asubuhi akipiga pasi shati la kazi. Kaseti ilishaliwa na redio. Jina hakuwahi kulitaja.

"Kaka Mweri, jina silijui," akasema, "lakini sauti yake ninayo."

Akauimba puani. Mimi niliacha kumenya viazi. Ulikuwa wa taratibu, ukipanda, kisha ukisita kidogo kama mtu mlangoni asiyejua aingie au arudi, ndipo ukashuka.

"Huo? Huo naujua wewe hujaolewa," Mweri akasema. "Kaa kitako, mama."

Akampigia wimbo mmoja. Sio. Wa pili. Sio. Mwenye haya angekoma hapo. Yeye alipiga kumi na moja, kesho yake akamwita tena, na keshokutwa pia. Na Mama Kafedha, kwa adabu aliyolelewa nayo, hakuweza kumwinukia mtu anayemhangaikia. Alikaa juu ya kreti ya soda, mikono mapajani, akisikiliza kila mmoja hadi mwisho.

Siku ya tatu aliuimba tena ili kumkumbusha Mweri. Pale pa kusita hapakuwepo. Siku ya nne aliutafuta mwanzo, akaukosa, akaanzia katikati.

"Nenda nyumbani, Mama Kafedha," nikamwambia. "Huyu anakupotezea wimbo wako."

"Ngoja, dada. Asije akaona nimemdharau."

Mimi ningemdharau bure, tena kwa furaha. Lakini siku ile ya kwanza nilikuwa na simu mfukoni, ningeweza kuirekodi sauti yake, nikaona viazi ndivyo vya maana. Hilo nalo nimelimeza na haliteremki.

Ijumaa Mweri akatangaza kwamba ameupata. Ulikuwa wimbo wa mbio mbio, kinanda kikirukaruka, haukukaribia hata kidogo.

"Ndio huu. Majonzi yamekusahaulisha."

Mama Kafedha alitikisa kichwa kukataa, lakini polepole.

Jumamosi, spika zikiwa tayari uani kwake, alisimama akamwomba Mweri asipige chochote. "Nitauimba mwenyewe," akasema. Akafumba macho. Akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa wimbo wa Mweri, pamoja na kile kinanda. Akakoma. Akaanza upya. Ukatoka ule ule.

"Si nilikwambia?" Mweri akasema kwenye kipaza sauti, miwani usoni. Akauwasha kwa nguvu zote za spika zake, na ukoo mzima ukainuka kucheza.

Mama Kafedha alicheza nao. Alicheza ameziba masikio kwa viganja viwili, na wageni wakadhani anamlilia mumewe.