Karatasi ya Salamu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati jirani zetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga na kulala stesheni ya Likasi wakingoja treni, alifika muuguzi mgeni kuwatibu. Paroko akanituma nimsindikize na nimwandikie maneno ya kuanzia: habari, asante, wapi panauma, kunywa maji.

Nilijivunia kazi hiyo, maana mdomo sikunyimwa. Karatasi nikaijaza Kiswahili, Kibemba na Kilingala. Kiluba cha Kasai, lugha ya wagonjwa wenyewe, nikakiacha. Nilikijua vizuri. Lakini siku zile ukisikika ukikisema, vijana waliokuwa wakiwafukuza Wakasai walikuja kuuliza umemficha nani nyumbani. Niliogopa, basi.

Kiluba nilifundishwa utotoni na mama jirani wa nyumba ya pili, mke wa fundi wa kiwandani. Kwake hukugusa bukari, ugali wetu, kabla ya kumsalimu kwa lugha yake. "Moyo, mamu," tulisema, yaani salamu, mama, mikono bado inadondosha maji. Naye alicheka matamshi yetu, kisha akatumegea tonge kubwa kuliko la wanawe. Fadhila ya punda ni mateke, na punda mwenyewe ni mimi.

Mama huyo tulimkuta stesheni ameketi juu ya godoro lililofungwa kamba, miguu imevimba. Muuguzi akaanza kusoma karatasi yangu kwa shida. Mama hakumsikiliza. Alinitazama mimi, uso ukamchangamka.

"Moyo, muana wanyi."

Vijana wawili walikuwa wameegemea ukuta karibu nasi. Nikamwonyesha muuguzi neno lililofuata kwenye karatasi. Muuguzi akataka kujua mama amesema nini.

"Minye sijue ile luga," nilisema kwanza kwa Kiswahili, vijana wasikie. Kisha nikayarudia kwa Kifaransa, muuguzi aelewe.

Kijana mmoja akasogea. "Weye, unamujua uyu mama?"

Kabla sijafungua kinywa, mama akanijibia. "Hapana, mutoto yangu. Ni minye nilimufananisha na mutoto ya jirani."

Kijana akarudi ukutani. Mama akamnyooshea muuguzi miguu, na hakunitazama tena. Treni yao iliondoka wiki hiyo hiyo, mimi nikiwa nimejifungia nyumbani kwa aibu.

Siku ile ya stesheni nilirudi, mke wangu akapakua bukari. Nikanawa mikono, nikakaa mbele ya sahani. Sikula. Nilikuwa sijamsalimu mama yule.