Njoo na Mtu Unayemtaka

Karakana yetu ya sweta za shule ipo Nakawa, hapa Kampala, nyuma ya soko, na mimi ndiye ninayeshughulikia mambo ya wafanyakazi. Kuajiri, likizo, ugomvi wa nani kakalia kiti cha nani, yote yanaishia mezani kwangu. Sheria ya ajira naijua vizuri kuliko ninavyojua mapishi, muulize mume wangu. Bosi wetu, Muganda mmoja mnene na mchangamfu, huniita "hajati" ingawa Makka sijaiona hata kwa mbali. Kwake yeye kila Mnubi aliyejitanda mtandio ni hajati, na nimechoka kumsahihisha.

Siku ninayoikumbuka hakuwa mchangamfu hata kidogo. Shule moja ilikuwa imeturudishia sweta zote, mzigo mzima, kwa sababu beji zilishonwa kichwa chini miguu juu. Beji yenyewe ina korongo. Korongo akisimama wima ni ndege wa kujivunia; ukimpindua, miguu hewani, anakuwa kitoweo. Watoto walicheka, wazazi wakacheka, mwalimu mkuu hakucheka.

Kwetu beji hushonwa na mama mmoja Mkongomani, fundi mwenye mkono mwepesi na maneno machache. "Afukuzwe leo hii," bosi akaniambia. "Kabla ya chai."

Nikamwambia haiwezekani. Sheria inataka mtu aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, apewe nafasi ya kujibu, na aruhusiwe kuja na mtu anayemtaka, wakae pamoja. Bosi akafura. "Kwani karakana ni yangu au ya sheria?" Nikamjibu kwa heshima, karakana ni yako, ssebo, yaani bwana, ila ukimfukuza kienyeji mtapelekana kwa afisa wa kazi, na huko usinitafute. Alinitupia jicho baya, halafu akasema haya, fanya maigizo yako, lakini yule mama simtaki hapa.

Nilimwita ofisini. Nilimweleza kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha tunayokutana nayo, yeye aliyezaliwa nayo Kongo na mimi niliyeikuta kwa babu yangu askari. Alinisikiliza huku amekumbatia mfuko wake. Nilipomaliza akasema polepole kwamba kazi hii ikipotea, hawezi tena kulipia chumba, itabidi arudi kambi ya wakimbizi na watoto. Watoto ndiyo kwanza wameanza kuzoea shule. "Mama, sitaki kurudi kule," akasema.

Moyo uliniuma, nisiseme uongo. Lakini mimi ndiye ningekuwa mwenyekiti wa kikao, na mwenyekiti hatakiwi kuahidi kitu. Nikamuuliza tu, utakuja na nani? Pasta wako? Ndugu yako?

"Nitakuja na patroni." Ndivyo anavyomwita bosi.

Nilidhani hajanielewa, nikarudia. Mtu wa upande wako, nikasema, atakayekusemea. Huyo patroni ndiye anayetaka uondoke.

"Nimesikia, mama. Umesema mtu ninayemtaka. Ninamtaka yeye."

Niliipekua sheria mbele nyuma nikitafuta pahali inapokataza. Wapi. Aliyeiandika hakuwahi kuota jambo kama hili.

Basi nikaenda kumwambia bosi, roho juu, nikitegemea kufokewa. Hapa inabidi nieleze kitu. Bosi wetu ni msemaji wa kwanjula, ile sherehe ambayo kijana na watu wake huenda kwa kina binti kuomba mke. Kila upande huwa na msemaji wake, na wanashindana kwa maneno mchana kutwa. Ukiwa na wakwe wagumu unamtafuta bosi wetu. Ana ulimi ule, wallahi, wa kumfanya shangazi wa binti acheke bila kupenda. Yule mama alishamsikia mara moja, binti mmoja wa hapa kazini alipoposwa.

"Amenitaka mimi?" bosi akauliza. "Nimsemee?"

"Amesema hataki mwingine."

Alicheka, akakuna kidevu, akauliza kikao ni saa ngapi. Nilimwona kifua kikimpanda. Msemaji kama yule ukimwomba akusemee ni sawa na kumwonyesha mtoto andazi. Nilidhani ndiyo hesabu ya yule mama, na moyoni nikamsifu kwa ujanja.

Siku ya kikao tulikaa chumba cha kufumia, mashine zimezimwa. Msimamizi wa mafundi alikuja kusoma mashtaka. Kabla hatujaanza nikawapa mshtakiwa na mtu wake nafasi ya kushauriana, kama inavyotakiwa, wakaingia stoo ya nyuzi na kufunga mlango. Sisi tukanywa chai. Waliingia bosi akitabasamu kama bwana harusi. Alipotoka hakuwa na tabasamu, na koti alikuwa amelivua.

Msimamizi alisoma mashtaka yake, nikamgeukia bosi. Akasimama, akafungua mikono na kuanza kwa Kiganda, kile kizito cha mbele ya wakwe. Ikabidi nimkatize. Kiswahili, ssebo, nikamwambia, mama huyu aelewe. Hapo nilimhurumia. Kiswahili chake alikiokota kwa polisi wa barabarani, na kinamtosha kuombea msamaha tu.

"Mwenyekiti," akasema. Akayatafuta maneno darini. "Sweta ilikuwa kwa kamba. Mimi nilitia beji na pini."

Ilichukua muda kidogo kumwelewa. Sweta zetu zikifuliwa huanikwa kwa pindo, shingo chini. Yeye siku ya kumwonyesha mama pa kushona beji, simu sikioni, akipanga kwanjula ya watu, alichukua beji ya mfano akaibandika wima kwenye sweta iliyoning'inia kichwa chini. Yule mama akamuuliza, patroni, ni vile? Akajibiwa ni vile vile, usibadilishe kitu. Aliona ajabu, lakini akajisemea labda ni kwa ajili ya mtoto mwenyewe, akiinama aisome beji yake. Hilo hadi leo likinijia nacheka peke yangu.

Na mimi pale ndipo nilipoelewa. Kumbe hakuwa na haja ya ulimi wa bosi. Alitaka mlango ufungwe, amwambie wakiwa wenyewe wawili, bila kumnyooshea kidole mbele ya watu. Pangekuwa na pasta pale, angemsemea kwa sauti, na bosi angeaibika, na mtu aliyeaibika hasamehi.

"Mimi nilisema ni vile," bosi akaendelea. "Huyu mama alifanya kile mimi nilisema. Makosa ni yangu."

Akakaa. Nimemsikia akisema kwa masaa, watu wakimpigia vigelegele, na sijawahi kumpenda kama nilivyompenda kwa maneno yale machache. Msimamizi alikuwa ameshaanza kukunja karatasi yake.

Nikatangaza kwamba mama hana kosa na kazi yake ipo palepale. Alijifunika uso kwa kitenge akalia kidogo, sisi tukaangalia pembeni. Kisha, kwa sababu utaratibu ni utaratibu, nikamuuliza kama ana neno la mwisho.

Akasimama, akafuta macho. "Nashukuru, mama. Ila naomba patroni asifukuzwe. Ni mara yake ya kwanza. Mumpe onyo tu."

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa alikuwa anaomba kwa moyo wote. Nikamgeukia mwenye karakana, nikampa onyo la mdomo, awe anaitazama sweta kabla ya kujibu. Naye akasimama, mikono nyuma, akasema, "Nimesikia, mwenyekiti. Sitarudia."