Draiva Tatu na Cherehani Moja

Mume wangu alikuwa karani wa bohari la vipuri kwa miaka thelathini na moja, na siku zote hizo hakuwahi kulalamikia kelele. Malori yalikuwa yakinguruma chini ya dirisha lake, vyuma vikitupwa sakafuni, na yeye ametulia anahesabu beringi. Leo kastaafu, eti cherehani yangu inamuua. Makubwa haya!

Balaa lilianza binti yetu alipohamia kwake, akatuachia kompyuta yake ya zamani na hedifoni kubwa zinazofunika sikio zima. Mzee akaiweka kwenye meza ndogo sebuleni, karibu na cherehani yangu, akaanza kusikiliza nyimbo za gitaa za ujana wake, na hapo hakuna aliyemlaumu. Kisha akasoma mahali kwenye intaneti kwamba anachokisikia si muziki, ni makapi ya muziki. Kosa, wakamwambia, ni la draiva, kile kiprogramu kinachoupokea wimbo ndani ya kompyuta na kuufikisha masikioni. Ipo iliyokuja na kompyuta, ipo ya bure, na ipo ya watu wenye masikio. Akaziweka zote tatu, akafungua daftari.

Jamani, lile daftari! Alilipiga mistari kama la bohari: namba ya draiva, tarehe, hali ya mali ilipopokelewa. Kwenye "hali" aliandika, "Besi imekaa. Gitaa ina upepo." Kesho yake, wimbo ule ule, draiva nyingine: "Mwimbaji amesogea mbele hatua moja na nusu."

"Hiyo nusu umeipima kwa futi ya nani?" nikamuuliza.

Akanikata jicho. "Mama watoto, haya mambo yanataka masikio."

"Na haya yangu ni nini, mikono ya sufuria?"

Akarudia wimbo wake, mara ya kumi na tano tangu asubuhi. Watu wazima wana michezo yao, nikasema moyoni, mwache acheze.

Wiki ya tatu akaja na hukumu. "Cherehani inaingia kwenye besi," akasema. "Hata nikivaa hedifoni naisikia. Itabidi uhamie koridoni."

Koridoni! Pale penye balbu moja ya manjano na mlango wa choo! Mimi nashona sare za wauguzi, uzi wa bluu nzito kwenye kitambaa cha bluu nzito, na macho yangu si ya jana. Nimekaa kwenye dirisha la sebuleni miaka ishirini na miwili kwa sababu ndipo penye mwanga. Ukinitoa pale, tundu la sindano silioni, na fundi asiyeona tundu la sindano ni wa nini? Mori ulinipanda hadi nikaogopa kuushika mkasi.

Nikamwita wifi yangu, dada yake mdogo, anayepiga chapa mahakamani na anayezijua kompyuta. Yeye ndiye aliyeleta shauri. "Kaka tumfunge macho," akasema. "Mimi nitachagua draiva bila kumwambia. Akizitambua zote tatu, wifi, utahama. Akishindwa, neno korido lisisikike tena humu ndani." Mzee akakubali upesi, akicheka kwa huruma, kama vile nimeshahama.

Jumamosi asubuhi nikamfunga macho kwa kipande cha kitambaa cha sare. Akavaa hedifoni, akapandisha sauti, akaanza kutikisa kichwa.

"Hii ni ya bure," akasema wimbo ulipokwisha. "Nyembamba."

Wifi akaurudisha wimbo mwanzo bila kubadilisha kitu. Akanionyesha kidole kimoja: ni ile ile.

"Aa, hii iliyokuja na kompyuta! Inavuma kama debe."

Kidole kile kile tena, wimbo ukarudi mara ya tatu. Kicheko kikanisonga. Nikaona heri nikimbilie kazini, nikaketi dirishani, kola mbili zikinisubiri, nikakanyaga pedeli. Wifi akanitolea macho. Mimi nikakanyaga. Meza ikatetemeka, kikombe cha mzee kikagonga kisahani chake.

"Kimya!" mzee akasema kwa sauti ile ya mtu aliyezibwa masikio. "Laiti mngesikia kimya hiki! Kati ya mlio na mlio hakuna hata unyoya. Hii ndiyo ya watu wenye masikio. Andika, dada, andika!"

Nikamaliza kola ya kwanza, nikaingia ya pili. Wimbo ulipokwisha akavua hedifoni, akasikia cherehani, akakivuta kitambaa usoni.

"Umeanza saa ngapi?"

"Kabla hujaanza kusifu kimya."

Wifi alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Kaka, sijagusa kitu! Zote tatu ni ile ile iliyokuja na kompyuta!"

Nilingoja abishe. Nilingoja alete habari za besi na upepo. Wapi! Alikaa anakunja kitambaa, anakikunja tena, na mimi hamu ya kucheka ikaniishia.

"Kwa hiyo cherehani huisikii," nikasema.

"Siisikii."

"Sasa ulitaka nini kihame?"

Akatazama daftari lake. "Miaka thelathini na moja nimekaa katikati ya watu," akasema. "Nilitaka chumba kiwe changu."

"Na mimi je?"

Akalifunga daftari. Iliniuma, sifichi. Mwanamume amehangaika wiki tatu na draiva ili asiseme neno moja: toka. Wifi akasimama, akajipangusa gauni, akaaga.

Mwenyewe alibeba kompyuta na meza yake ndogo hadi koridoni, sikumsaidia. Mchana akaita kutoka kule, akauliza kama chakula kiko tayari. Aliita mara tatu. Nilimsikia vizuri, neno kwa neno, na sikuitika.