Kijapani Nilichofundishwa na Kenji

Nimejicheka vya kutosha, sasa zamu yenu. Nilikuwa yaya Deira, Dubai, nikimlea Kenji, mtoto wa miaka miwili wa familia ya Kijapani. Madam, mama wa Kenji, alikuwa anahamishiwa kwao Japani kikazi, na angenichukua iwapo mama yake mzazi, nyanya ya Kenji, angenikubali. Nikaanza kujifunza lugha kwa Kenji. Kila akimaliza kula, alishika tumbo na kulia, "Oshiko!" Madam alimbeba mbio, nami nikidhani anaenda kumnawisha mikono. Basi nikajua ndiyo "nimeshiba."

Nyanya akaja kunikagua. Aliponiongezea wali bakuli la tatu, nikainama kwa adabu, nikashika tumbo: "Oshiko!"

Madam akaziba uso. Nyanya akaniinua taratibu, akanishika mkono, akanipeleka chooni, akasimama mlangoni kusubiri nikojoe.