Meno Yaliyotangazwa Msikitini

Chekeni tu, mimi mwenyewe nacheka sasa, ila siku ile Kilole ningepata shimo ningeingia na kanzu yangu.

Mnajua mbele nina pengo la meno manne. Fizi zilikuwa zinatoa damu nikipiga mswaki, basi mimi nikaacha kupiga mswaki (akili hizo!), mpaka meno yakalegea yakang'olewa. Daktari wa Korogwe akaniambia yapo ya kupandikiza kwenye mfupa wa taya na yapo ya kuvaa na kuvua, lakini yote yanataka fizi zipone kwanza. "Mzee, fizi zimevimba. Tukipima leo, uvimbe ukishuka meno yatapwaya." Akanipa dawa ya kusukutua.

Mkulima wa Handeni mzima, najua hupandi shamba hujalima, lakini Ijumaa ile nilikuwa nakwenda kumposa Zaina, mjane niliyempenda mwaka mzima, nikiogopa akiona pengo atanikataa. Nikamkimbia daktari, nikaenda kwa fundi wa mtaani, siku mbili tu nina meno meupe peee. Kumbe dawa nayo inafanya kazi, uvimbe unashuka, meno yakaanza kucheza.

Ijumaa ilipofika tukapitia kwanza msikiti wa Kilole, kwao Zaina, mimi na mjomba wangu aliyekuwa mshenga. Kwenye mabomba ya udhu nikakaa karibu na Mzee Hamza, kaka yake Zaina, ambaye ndiye angetoa jibu (alikuwa hanijui kwa sura). Nikasukutua mara ya kwanza, salama, ya pili, salama, ya tatu nikatema kwa nguvu, maji yakaenda na meno yakaenda, yakatua juu ya mguu wake.

"Subhanallah! Meno ya nani haya?"

Wanaume wote wakajishika midomo. Na mimi nikajishika, nikatikisa kichwa! Mzee wa watu akayafunga kwenye leso, na baada ya swala akasimama akatangaza, "Jamani, kuna meno yameokotwa." Msikiti mzima ukaangua kicheko, mimi nimeinama kama naomba dua.

Nyumbani kwao mjomba akaongea vizuri sana, posa ikawa inakwenda, mpaka Mzee Hamza akasema, "Na mwenyewe tumsikie."

"Nathema... nampenda Dhaina."

Mzee Hamza akaniangalia, akaingiza mkono mfukoni taratibu, akaiweka ile leso mkekani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Hapo sauti ya Zaina ikatoka nyuma ya pazia:

"Kaka, mrudishie. Mwaka mzima anaongea na mimi kaziba mdomo, alidhani sijui? Mimi sikuposwa na meno."

Mzee Hamza alicheka mpaka akafuta machozi, akasema posa imepokelewa.

Tumeoana, nina raha zangu. Kwa daktari nilirudi kichwa chini, akanisafisha fizi, meno ya kudumu anasema bado kidogo, na mimi nasubiri huku Zaina akinikatia muwa vipande vidogo vidogo. Nimeapa sitamkimbia tena daktari kwa ajili ya kupendeza. Haraka haraka haina baraka, na mimi nimeithibitisha mbele ya jamaa ya Ijumaa nzima.