Mkia wa Jogoo wa Mwahija

Jirani yake Mwahija hapo kijijini Sudi alikuwa mvuvi wa kurambaza, wa kuburura ndoana nyuma ya ngalawa, na kila akiingia uani humsalimu jogoo mweupe kwanza, mwenye nyumba baadaye. Vidole vyake vilivyokakamaa kwa chumvi vilifunga manyoya meupe kwenye ndoana, ya kuvutia samaki, kwa upole wa somo anayempamba bibi harusi. Siku jogoo alipoamka hana mkia, Mwahija aliapa kumfikisha mwizi kwa liwali. Jioni jirani akabisha hodi, kabeba nguru mzima. “Dada Mwahija, yaishe,” akanong’ona. Kwa haraka zake alisahau kuchomoa ndoana mdomoni mwa samaki. Mwahija akayatambua manyoya. Akamtazama jogoo, akamtazama nguru alivyonona.

“Jirani,” akasema, “mbona mabawa umeyaacha?”